Watamu, Ushongo au Jambiani: Nyumba Gani ya Kujipikia kwa Likizo ya Pwani?

Ukitafuta nyumba ya likizo ya kujipikia pwani, picha zote zinafanana: minazi miwili, kibaraza chenye kitanda cha kamba, bahari ya buluu kwa nyuma. Baada ya nusu saa huoni tena kama unatazama Kenya, Tanga au Unguja. Tofauti zipo, tena kubwa, ila hazipigwi picha. Ziko kwenye bomba la jikoni, kwenye umbali wa kwenda kununua nyanya, na kwenye saa ambayo maji yanakuwepo mbele ya nyumba.

Ulinganisho huu ni wa familia au kundi la marafiki wanaotaka vitu viwili kwa pamoja, bahari ya kuogelea na shamba au msitu wa kutembelea, na wanaotaka kupika wenyewe badala ya kulipia meza ya hoteli mara tatu kwa siku. Nimechukua sehemu tatu: Watamu katika kaunti ya Kilifi, Kenya, Ushongo, kijiji cha pwani kusini mwa Mto Pangani mkoani Tanga, na Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Diani nimeiacha kwa makusudi. Ni pazuri sana, lakini siku hizi ni mji wenye maduka makubwa barabara nzima, na anayekwenda kule hasumbuliwi na maswali tutakayoyajibu hapa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: nyumba ya kujipikia ichaguliwe kuanzia jikoni kwenda baharini. Ukiwa hotelini, maji yakikatika au samaki wakiadimika ni shida ya hoteli. Kwenye nyumba ya kupanga ni shida yako, na watoto wana njaa.

Vigezo

Nitazipima sehemu zote tatu kwa mambo sita: safari ya kufika, bahari yenyewe, soko na jiko, maji na umeme, mashamba na misitu ya karibu, na maisha ya mtaani pamoja na huduma ya afya.

Kodi ya nyumba sikuifanya kigezo, kwa sababu inabadilika kwa msimu kuliko inavyobadilika kwa mahali. Nyumba ileile ya Desemba ina bei nyingine kabisa mwezi Mei, na masika yakishika wenye nyumba wengi wako tayari kuzungumza. La muhimu ni yale yasiyoandikwa kwenye bei: nani ananunua umeme, mtungi wa gesi ukiisha ni juu ya nani, na kama kuna mpishi, analipwa na nani.

Safari ya kufika

Watamu ndiyo rahisi kufikika kwa anayetoka Nairobi. Treni ya SGR, inayobeba abiria tangu 2017, inakushusha Miritini, Mombasa. Kutoka mjini Mombasa kuna yapata kilomita 110 za lami kupitia Mtwapa na Kilifi. Matatu za Malindi zinakuacha Gede, na kutoka pale tuktuk inakufikisha mlangoni. Asiyetaka barabara anapanda ndege hadi Malindi, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Foleni ya Mtwapa ndiyo ya kuihesabia muda. Ukiikuta jioni ya Ijumaa, chakula cha usiku kitaliwa usiku kweli.

Ushongo inataka moyo kidogo. Kutoka Dar es Salaam unapita Chalinze, Segera na Muheza. Kutoka Arusha na Moshi unashuka kupitia Same na Korogwe mpaka Segera hiyohiyo. Kisha unaelekea Pangani, ama kupitia Tanga mjini ama kwa kukata Muheza. Nyumba za Ushongo ziko ng'ambo ya kusini ya mto, ambako kwa miaka mingi watu wamekuwa wakivuka kwa pantoni hadi Bweni. Kipande hiki cha mwisho kimezoeleka kuwa cha vumbi, na mradi wa lami wa Tanga hadi Bagamoyo unakibadilisha. Hata hivyo ukifika kijijini ni mchanga na minazi, hivyo gari lenye kimo ni bora kuliko gari dogo la mjini. Bila gari lako unaweza kufika, lakini ukishafika umefika: kutoka tena ni kwa bodaboda au kwa kuomba lifti.

Jambiani ina kituo kimoja cha lazima, boti. Kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili kwa boti ya kasi, halafu karibu kilomita 55 za lami. Daladala namba 309 inakwenda mpaka Jambiani, na kwa kijana mwenye begi moja hiyo inatosha kabisa. Familia yenye mabegi manne na ndoo ya vyakula itakodi gari. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mkondo wa Zanzibar huchafuka. Mwenye tumbo jepesi apande boti ya asubuhi, kabla upepo haujakaza. Wageni wasio Watanzania wakumbuke pia bima ya safari ya Zanzibar, iliyoanza kuwa ya lazima Oktoba 2024.

Bahari yenyewe, na mwezi unaoitawala

Kabla ya kulinganisha fukwe, tazama kalenda ya mwezi. Hili naliona ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote kwa mpangaji wa nyumba ya pwani, na ni wachache wanaolifanya.

Pwani yetu yote, kuanzia Watamu hadi Jambiani, maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa kama dakika hamsini kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu hufika kama mita nne. Na bamvua ya huku ina saa zake: maji hukupwa sana saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yanageuka. Maji yanajaa asubuhi, ila kupanda na kushuka kwake ni kwa kiasi. Kwa hiyo familia yenye watoto wanaotaka kuogelea baada ya chai ya asubuhi itafute siku za maji mafu. Anayetaka kutembea kwenye miamba, kuona pweza wakivuliwa na kupiga mbizi jioni, aende kwenye bamvua.

Jambiani ndiko hesabu hii inakouma zaidi. Mwamba uko mbali, na kati yake na ufuko kuna uwanda mpana wa maji ya kina kifupi. Maji yakikupwa uwanda huo unabaki mchanga, majani na vidimbwi, na bahari unaiona kama mstari mweupe wa mawimbi kule nje. Aliyelipia nyumba ya ufukweni kwa ajili ya kuogelea saa nne asubuhi, akafika siku ya mwezi mpevu, atadhani ametapeliwa. Lakini saa hizohizo ndizo wanawake wa Jambiani wanaposhuka kwenye mashamba yao ya mwani, kazi iliyoanza kibiashara upande huu wa kisiwa mwaka 1989. Vijiti vimesimama kwa mistari, kamba zimefungwa kati yake, mwani unaning'inia. Ukitembea pale pita pembeni ya mistari, maana ni shamba la mtu, na vaa viatu vya mpira kwa sababu ya vile viumbe vya miiba mirefu myeusi.

Watamu ina ghuba kadhaa, na hilo linaiokoa: ghuba moja ikiwa kavu, nyingine ina maji ya kutosha kuoga. Maji yakikupwa unaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye visiwa vidogo vya mawe vilivyosimama mbele ya ufuko. Eneo hili ni hifadhi ya bahari tangu 1968, ndiyo maana samaki wa miambani ni wengi kiasi hiki. Ukitoka kwa boti kwenda kuwatazama unalipia kiingilio cha hifadhi. Msimu wa kusi mawimbi na mwani wa kuokota hujaa ufukweni, na harufu yake asubuhi ya jua si ya kila mtu. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, maji ni maangavu na fukwe ni safi. Ndio pia wakati watu wanapokuwa wengi.

Ushongo ni mchanga mrefu, laini, wenye mteremko mdogo, na watu wachache mno. Kwa mtoto anayejifunza kuogelea, sehemu hii naipenda kuliko zote mbili. Haina rangi ya kioo ya Watamu kila siku: mdomo wa Mto Pangani uko karibu, na mvua zikinyesha milimani maji huja na udongo. Anayetaka matumbawe hukodi boti kwenda kisiwa cha Maziwe, ambacho siku hizi ni fungu la mchanga tu. Miti yake ilishakwisha, na maji yakijaa kinafunikwa chote. Kasa bado wanakuja kutaga huko, na mayai huhamishiwa ufukweni bara yasizame.

Soko na jiko

Hapa ndipo likizo ya kujipikia inapofaulu au kuharibika.

Pwani, nyumba ya kujipikia mara nyingi ina mtu wake: mlinzi, mama wa usafi, na pengine mpishi. Mpango uliozoeleka ni kwamba wewe unanunua na yeye anapika. Uliza mapema kama yupo, malipo yake yamo kwenye kodi au la, na anakuja saa ngapi. Usiwe mtu wa kumkatalia kwa kudhani anakuongezea gharama. Mpishi wa mtaani anajua nani ana kamba wabichi leo na nani anauza wa juzi, na ujuzi huo unarudisha ujira wake wote kwa samaki mmoja.

Kwa soko, Watamu iko mbele. Kuna maduka makubwa ya wastani, mabucha, na kwa sababu ya Waitaliano waliokaa pale miaka mingi, jibini, tambi na aiskrimu nzuri unazipata kijijini. Mboga na matunda kanunue Gede, pale njia panda ya barabara ya Malindi, ambako wakulima wa mashambani huleta mihogo, maembe, mchicha na nazi. Samaki hununuliwa wavuvi wanaporudi, na kaa wa mikoko hutoka hori la Mida. Shida ya jikoni Watamu ni ya aina yake: tumbili. Nyumba zilizo karibu na miti zina wageni wasioalikwa wanaojua kabisa dirisha la jikoni liko wapi. Ndizi zisikae mezani, na uulize kama madirisha yana wavu.

Jambiani ina maduka madogo ya kutosha kwa mkate, mayai, sukari, nyanya na vitunguu, lakini uchaguzi ni mchache na bei imebeba nauli ya kutoka mjini. Sababu iko ardhini. Upande wa mashariki wa Unguja ni mawe ya matumbawe yenye udongo mdogo. Mashamba yenye rutuba yako magharibi na katikati ya kisiwa. Kwa hiyo ukishuka boti, kabla ya kupanda gari la Jambiani, pita soko la Darajani. Chukua viungo, ndimu, viazi, mboga zinazovumilia siku mbili tatu, na matunda ya msimu. Samaki na pweza usibebe kutoka mjini, hivyo utavikuta kijijini vikiwa bado vinatiririka maji ya bahari.

Na hapo, kanunue mwenyewe walau mara moja. Asubuhi ya bamvua wanawake na wavulana wanarudi kutoka mwambani na pweza kwenye kijiti. Ngalawa zikiingia, changu, tasi na pono hutungwa kwenye utepe wa ukindu na kuuzwa kwa mtungo. Fungua shavu la samaki: liwe jekundu kama damu, si la kahawia. Jicho liwe limetokeza na linang'aa. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Salimia kwanza, "Shikamoo baba, leo bahari imesemaje?", halafu ndipo uulize bei, anayeanza na bei hupewa bei ya mgeni. Pweza mpigishe pale pale, au mlaze kwenye friza usiku mmoja, kisha mchemshe kwa moto mdogo bila chumvi mpaka alainike. Tui liingie mwisho.

Ushongo haina soko la kukuokoa. Kuna duka la kijiji lenye unga, mchele, mafuta, sabuni na vocha, na kuna samaki, kamba na madafu. Vingine vyote vinatoka Pangani mjini, au tuseme ukweli, vinatoka Tanga kwenye buti la gari lako. Ukipita Tanga jaza kisanduku cha barafu: nyama, kuku, siagi, maziwa na mtindi wa Tanga Fresh. Ukipita Muheza kwenye msimu wa machungwa, nunua gunia dogo bila kujiuliza. Wapo wanaoiona hali hii kuwa usumbufu. Binafsi naiona kama sehemu ya raha yake, kwa sababu ukishapanga vyakula vyako kwenye rafu siku ya kwanza, hakuna tena cha kukutoa nyumbani. Lakini mtu anayekumbuka saa mbili usiku kwamba hakununua chumvi, Ushongo itamtesa.

Vifaa vya jikoni navyo viulizwe kwa majina, popote uendako. Usiulize "jiko lina vifaa?" maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza: kuna sufuria ya kupikia wali wa watu wanane? Kuna mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kukamulia tui, au blenda? Kuna jiko la mkaa nje kwa ajili ya samaki wa kuchoma, ili nyumba isinuke? Friza inagandisha kweli? Nyumba nyingi zimepangwa kwa macho ya mgeni wa Ulaya: glasi za mvinyo kumi na mbili, kisu kimoja butu, na sufuria isiyotosha ugali wa wanne. Ukija na kisu chako, kinu kidogo na mwiko hutajuta.

Maji, umeme na gesi

Kote kutatu umeme ni wa kulipia kabla: tokeni za Kenya Power Watamu, LUKU Ushongo, TUKUZA Jambiani. Kiyoyozi na hita ya maji hula tokeni upesi, na ndipo ugomvi na wenye nyumba unapoanzia. Njia safi ni hii: siku ya kuingia piga picha ya mita, mkubaliane uniti ngapi zimo kwenye kodi, zinazozidi ni zako. Umeme hukatika sehemu zote tatu. Ushongo, palipo mbali zaidi, nyumba yenye sola au betri inastahili kulipiwa zaidi, hasa kama kisanduku cha barafu kimejaa nyama. Mitungi ya gesi Kenya ni kilo 6 na 13, Tanzania mingi ni kilo 6 na 15. Kilo 6 kwa familia inayochemsha maharage kila siku haitamaliza wiki kwa raha, hivyo uliza kama kuna mtungi wa akiba.

Maji ya kunywa yanahitaji swali la moja kwa moja. Jambiani visima vingi vina chumvichumvi kwa sababu maji ya bahari yanapenya kwenye mawe ya chini. Maji hayo yanafaa kuoga na kuosha vyombo, lakini chai inabadilika ladha na maharage yanakawia kuiva. Panga madumu ya lita 20 ya maji ya kunywa kwa ajili ya kupikia pia. Visima vya Watamu vilivyo karibu na ufuko vina tabia hiyohiyo kwa viwango tofauti, ila maji ya chupa na madumu yanapatikana kwa urahisi. Ushongo usidhani, ujumbe mmoja kwa mlinzi wa nyumba unatosha: "Kaka habari za huko. Maji ya jikoni ni ya kisima, ya bomba au ya mvua? Nyinyi wenyewe mnayanywa?" Swali la mwisho ndilo lenye jibu la kweli.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani: Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania Bara 2019, na Zanzibar ilitangulia zote mbili. Vikapu vya ukindu vinauzwa kote huku, na vinabeba samaki vizuri zaidi.

Mashamba, misitu na magofu

Kwa kigezo hiki Watamu ina utajiri usio wa kawaida ndani ya mwendo mfupi. Msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu kilomita za mraba 420, ndio kipande kikubwa zaidi cha msitu mkavu wa pwani kilichobaki Afrika Mashariki. Ndani yake kuna tembo, bundi mdogo wa Sokoke, na yule sange mwenye manyoya ya dhahabu kiunoni ambaye watoto wakimwona hawamsahau. Pembeni, kwenye mradi wa Kipepeo ulioanza 1993, wakulima wanafuga vipepeo na kuuza pupa wao, yaani vipepeo wakiwa bado kwenye vifuko, nje ya nchi, hivyo msitu ukisimama nao wanakula. Kisha kuna magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Nenda mapema asubuhi, na utazame visima vyake kuliko kuta. Mji ule wa Waswahili ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na kushuka kwa maji visimani ni moja ya sababu zinazotajwa na wataalamu. Anayebeba madumu ya maji likizoni ataelewa.

Ushongo ni shamba lenyewe. Huhitaji kwenda popote: ukitoka nyuma ya nyumba uko kwenye minazi, mihogo na korosho, na mbele kidogo mistari ya mkonge. Ni upande huuhuu wa kusini wa mto, huko Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza ulipandwa baada ya Mjerumani Richard Hindorf kuuleta mwaka 1893. Pangani mjini kuna majumba ya zamani ya wafanyabiashara na kumbukumbu ya Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa hapo Desemba 1889. Kusini zaidi iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako nyika inafika mpaka mchanga wa bahari. Jioni, safari ya boti kupanda mto kati ya mikoko na minazi ni nafuu na inawatosha wazee wasioweza kutembea sana.

Jambiani yenyewe haina mashamba mengi ya nchi kavu, shamba lake liko majini. Msitu wa Jozani uko njiani kwenda mjini, na kima punju wa pale, ambao hawapatikani mahali pengine duniani isipokuwa Zanzibar, hukaa karibu kiasi cha kupigwa picha bila darubini. Pango la Kuza lina maji baridi ya kuogea mchana wa joto. Ukitaka mashamba ya karafuu, mdalasini na iliki, itakubidi uvuke kisiwa, safari ya siku nzima.

Mtaani, na siku ya homa

Sehemu zote tatu ni za watu, si mbuga. Jambiani ni kijiji cha Waislamu kilichojipanga sambamba na ufuko, na nyumba yako iko katikati ya majirani. Nguo za kuogelea ziishie mchangani, mabega na magoti yafunikwe mtaani. Ramadhani ina uzuri wake kwa mwenye jiko lake mwenyewe: mchana unakula ndani bila kumkwaza mtu, jioni unanunua futari barabarani. Ushongo pia ni kijiji chenye staha hiyo, na utulivu wake ni mkubwa. Muziki wa spika usiku utasikika kijiji kizima. Watamu imezoea wageni, ina baa na vijana wa ufukweni wanaozungumza Kiitaliano vizuri, na wengine watakufuata kwa bidhaa na boti. Jibu la "leo hapana, ahsante kaka" kwa tabasamu linatosha.

Kwa mgonjwa, Watamu iko vizuri zaidi: kuna zahanati, na hospitali kubwa Malindi. Jambiani inategemea hospitali ya Makunduchi iliyo jirani. Ushongo, hospitali ya wilaya iko Pangani, ng'ambo ya mto. Mwenye mjamzito au mzee wa presha alitilie hili uzito. Vyandarua ni vya lazima kote.

Kwa hali yako

Mnatoka Nairobi, mna watoto wa umri tofauti, na hamna gari: Watamu. Mtoto mkubwa atachoka na bahari siku ya tatu, na hapo msitu na magofu vitawaokoa. Epukeni wiki ya Krismasi kama mnataka ufuko wenye nafasi. Februari ni bora.

Mnatoka Arusha, Moshi au Dar na gari lenu, mnataka kulala, kusoma, kuchoma samaki na kutomwona mtu: Ushongo, kwa siku zisizopungua nne, maana safari yake haistahili wikendi. Andikeni orodha ya vyakula wiki moja kabla.

Wawili, au marafiki vijana wenye mizigo michache, mnaopenda kutembea kijijini na kujifunza namna watu wanavyoishi na bahari: Jambiani. Bajeti yenu itatosha vizuri kwa daladala, pweza na nyumba ndogo ya safu ya pili, isiyo ufukweni kabisa. Tofauti ya kodi ni kubwa na mchanga uko hatua chache.

Mna bibi na babu pamoja na wajukuu: Watamu kama afya ina mashaka, Ushongo kama wana nguvu na wanapenda mazingira ya shamba. Jambiani iwe kwao tu ikiwa tarehe zenu zinaangukia maji mafu, ili wajukuu waogelee asubuhi na wazee wapumzike mchana.

Ndugu waliotawanyika Kenya na Tanzania wanaotaka kukutana katikati, Ushongo inawafaa kuliko wanavyodhani: wa Mombasa wanavuka Lungalunga na Horohoro hadi Tanga, wa Dar na Arusha wanapitia Muheza na kukutana nao hapo. Aliye Tanga kwanza ndiye anunue barafu.

Na kama likizo yenu ni kati ya Aprili na katikati ya Mei, ahirisheni Ushongo, kwa sababu njia na rangi ya maji vyote viko vibaya wakati huo. Watamu biashara nyingi hufungwa kipindi hicho, lakini nyumba ni nafuu na barabara ni lami. Jambiani mvua hupita kwa vipindi, na mwenye nyumba atakupunguzia. Mwulize tu kabla ya kutuma malipo kama paa la makuti limeezekwa upya mwaka huu.